Kipande Kilichokatwa ni Amana: Vipokezi vya Homoni na Saratani ya Kifuko cha Nyongo



Tumfikirie mama mmoja wa Geita, mwenye umri wa miaka 58, aliyezaa na kulea na sasa anawalea wajukuu. Kwa miaka kadhaa amekuwa akisumbuliwa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Humjia usiku, aghalabu baada ya chakula chenye mafuta mengi, yakapanda hadi mgongoni na begani, kisha yakapoa yenyewe. Nyumbani maumivu hayo yalikwisha kupewa jina: vidonda vya tumbo. Mama akanunuliwa dawa dukani, akashauriwa aache pilipili, na maisha yakaendelea. Hata siku moja maumivu hayakupoa. Alipopelekwa hospitali, kipimo cha ultrasaundi kilionesha vijiwe ndani ya kifuko cha nyongo. Akapasuliwa, kifuko kikatolewa, na alhamdulillah akaamka salama.

Kisha watoto wake wakakabidhiwa chupa yenye dawa, ndani yake mna kile kifuko kilichotolewa, wakaambiwa: hiki kipelekwe maabara kikapimwe.

Hapo ndipo familia nyingi hugawanyika. Mtoto mmoja husema, mama amekwisha kupona, ya nini kutumia fedha nyingine kwa kitu kilichokwisha kutoka mwilini? Mwingine hunong'ona kwamba afadhali tusijue, tusije tukajitafutia majonzi. Wa tatu huiweka chupa juu ya kabati akisubiri mwisho wa mwezi. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini tunadhani wapo wasomaji watakaouona kama wameutoa wao. Makala haya yanahusu chupa ile: kilichomo ndani yake, kinachoweza kusomwa kutokana nacho, na kisichoweza kusomwa.

Mji unaojua thamani ya sampuli

Hatuoni mji unaostahiki kuzungumziwa jambo hili kuliko Geita. Tangu kabla mkoa huu haujaundwa mwaka 2012, na kabla mgodi mkubwa wa dhahabu haujaanza uzalishaji mwaka 2000, watu wa huku wamekuwa wakiishi kwa kuusoma mwamba. Mchimbaji mzoefu hamwagi jiwe alilolitoa shimoni kwa jasho kabla hajajua limebeba nini. Hulisaga, hulisafisha, hulitazama; na mwenye uwezo hulipeleka maabara likapimwe kiasi cha dhahabu kilichomo. Anajua kwamba macho peke yake hudanganya, kwa kuwa jiwe linalong'aa laweza kuwa tupu na jiwe jeusi lisilo na sura likawa na mali.

Basi ikiwa jiwe lina heshima hiyo, kipande cha mwili wa mama yetu kina haki zaidi. Saratani ya kifuko cha nyongo ina tabia ya kujificha. Si mara chache hugundulika baada ya upasuaji uliofanywa kwa ajili ya vijiwe tu, pale mtaalamu wa patholojia anapokitazama kifuko kwa hadubini na kukuta jambo ambalo hata daktari aliyepasua hakulitarajia. Lau kifuko kile kingetupwa, habari ile ingetupwa pamoja nacho.

Kifuko kidogo chenye kazi yake

Yeyote aliyewahi kuchinja mbuzi wa Idd al-Adh'ha anakijua kifuko cha nyongo. Ni kile kijifuko cha kijani kilichojibanza chini ya ini, ambacho mchinjaji hukitoa kwa uangalifu mkubwa kisipasuke na kuutia nyama uchungu. Cha mwanadamu ni mfano wake. Ini hutengeneza nyongo, kifuko huihifadhi na kuikoleza, na tunapokula mafuta hujikamua na kuimwaga kwenye utumbo mdogo ili kuyayeyusha.

Nyongo ikizidiwa na lehemu, au ikikaa muda mrefu bila kumwagwa, huanza kuganda na kufanya vijiwe. Wenye ugonjwa wa seli mundu, ambao ni wengi katika Kanda ya Ziwa kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, hupata vijiwe vya aina nyingine, vitokanavyo na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu, na baadhi yao huvipata wakiwa bado watoto. Kwa hiyo vijiwe si aibu wala si ugonjwa wa walafi.

Walio wengi kati ya wenye vijiwe hawatapata saratani maishani mwao. Jambo hili tunalisema mapema ili msomaji asilale na hofu leo usiku. Lakini kinyume chake ni kweli pia: wengi kati ya wanaopatwa na saratani ya kifuko cha nyongo huwa na vijiwe, kwa kuwa ukuta unaokwaruzwa na kuvimba kwa miaka mingi huweza kubadilika tabia. Duniani maradhi haya yameshamiri zaidi kaskazini mwa India, Chile na Bolivia. Na katika nchi nyingi huwapata wanawake mara mbili, mara tatu na zaidi kuliko wanaume.

Kwa upande wetu, madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ambayo ndiyo kimbilio la wagonjwa wengi wa Geita na Shinyanga, walichapisha mwaka 2011 utafiti juu ya wagonjwa 116 waliopata umanjano wa macho na ngozi kutokana na kuziba kwa njia ya nyongo. Sababu iliyoongoza upande wa saratani ilikuwa uvimbe katika kichwa cha kongosho. Upande usio wa saratani, iliongoza vijiwe vilivyoteremka kwenye mrija. Fundisho ni kwamba macho ya njano yana visababishi vingi, vingine vinatibika kabisa, na hakuna anayeweza kuvitofautisha kwa kutazama macho ya mgonjwa akiwa amekaa barazani.

Kipokezi ni nini?

Kwa nini wanawake zaidi? Swali hili ndilo lililowapeleka wanasayansi kwenye homoni.

Homoni ni mjumbe. Hutengenezwa mahali pamoja mwilini na kusafirishwa na damu kwenda kila pembe. Estrojeni na projesteroni ni homoni zilizo nyingi zaidi kwa wanawake, nazo ndizo zinazoongoza hedhi na kuulea ujauzito. Lakini mjumbe huyu akipita kila mahali, mbona si kila kiungo humwitikia?

Tuchukue mfano wa redio. Mawimbi ya redio yamejaa hewani saa hii, yanapita juu ya nyumba, miti na mawe. Jiwe halisikii kitu. Redio husikia, kwa kuwa ina chombo cha kunasia mawimbi. Chembe hai za mwili nazo ziko hivyo: zipo zilizo na chombo cha kuinasa estrojeni na zipo zisizo nacho. Chombo hicho ni protini, na ndicho kinachoitwa kipokezi cha homoni. Homoni ikinaswa na kipokezi, vyote viwili huzifikia jeni ndani ya kiini cha chembe na kuziamrisha zifanye kazi fulani, mojawapo ikiwa ni kugawanyika na kuongezeka.

Kifuko cha nyongo hakiko nje ya habari hii. Estrojeni huongeza kiasi cha lehemu kinachoingia kwenye nyongo, na projesteroni huulegeza msuli wa kifuko usijikamue vizuri. Ndiyo maana mwanamke mjamzito huwa karibu zaidi na vijiwe, na aliyezaa mara nyingi huwa karibu zaidi ya aliyezaa mara chache. Hili halimaanishi kwamba kuzaa ni kosa, wala kwamba dada anayetumia dawa za kupanga uzazi azitupe leo. Mwenye wasiwasi amwendee daktari wake. Linamaanisha tu kwamba homoni zina neno katika maisha ya kiungo hiki, na ni haki kuuliza kama zina neno katika saratani yake pia.

Fundisho lililotoka kwenye titi

Ili tulielewe swali hilo, hatuna budi kwanza kupita kwenye saratani ya matiti, kwa sababu huko ndiko vipokezi vilikothibitisha thamani yao.

Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, alitangaza kwamba wanawake wenye saratani ya titi iliyokwisha kuenea aliowaondoa vifuko vya mayai walipata nafuu. Hakujua kwa nini. Estrojeni ilikuwa haijagunduliwa. Ilichukua zaidi ya nusu karne hadi Elwood Jensen, katika Chuo Kikuu cha Chicago, alipoonesha kwamba estrojeni hunaswa na protini maalumu ndani ya chembe. Ikafahamika sasa kwa nini wagonjwa wengine wa Beatson walinufaika na wengine la: uvimbe wenye kipokezi ulikuwa ukiisikiliza estrojeni, na estrojeni ilipokatwa ukasinyaa, usio na kipokezi ulikuwa kama jiwe, haukuwa ukisikia tangu mwanzo.

Kutokana na elimu hiyo ikaja dawa ya vidonge iitwayo tamoksifeni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1977, ambayo hukaa kwenye kipokezi na kuizuia estrojeni isinaswe. Kwa wanawake ambao uvimbe wao una kipokezi cha estrojeni, kuitumia kwa miaka mitano hupunguza vifo vya saratani ya titi kwa takriban theluthi moja. Kwa wasio na kipokezi, haisaidii. Kidonge ni kile kile na saratani ina jina lile lile, lakini kinachoamua ni kipimo.

Hapa kwetu kipimo hicho kimekuwa kikiwafikia wachache. Utafiti wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2010, ulionesha kwamba karibu wagonjwa tisa kati ya kumi wa saratani ya matiti walifika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, na kwamba waliokuwa na majibu ya vipokezi walikuwa sehemu ndogo tu ya wote. Miaka imepita na huduma zimepanuka, lakini somo limebaki: mwenye kufika mapema na kinyama chake kikapimwa, huwa amefunguliwa mlango wa matibabu ambao mwenzake huenda asijue kama upo.

Je, nyongo nayo?

Sasa turudi kwenye chupa ya mama yetu. Watafiti walijiuliza: ikiwa vipokezi vimetuambia mengi kuhusu titi, je, katika saratani ya kifuko cha nyongo navyo vinaweza kuwa alama ya kuonesha ni mgonjwa gani ugonjwa wake utakwenda polepole na ni yupi utamwendea kasi?

Kipimo chenyewe kinafanyika kwa njia moja. Kipande hugandishwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, vikatiwa dawa inayokishika kipokezi peke yake na kukipaka rangi ya kahawia. Mtaalamu hutazama kwa hadubini na kuhesabu viini vilivyogeuka rangi. Kwa saratani ya titi, madaktari duniani wamekubaliana kwamba ikiwa angalau kiini 1 kati ya 100 kimegeuka rangi, mgonjwa anahesabiwa kuwa na kipokezi.

Kwa saratani ya nyongo, majibu yalikuja yakigongana. Watafiti wengine walivikuta vipokezi vya estrojeni au vya projesteroni katika sehemu ya wagonjwa wao; wengine hawakuviona kabisa. Mwaka 1996 mambo yaliongezeka ugumu na uzuri kwa pamoja, pale ilipogunduliwa kwamba kipokezi cha estrojeni si kimoja bali viwili. Kile cha zamani kikaitwa alfa, na kipya kikaitwa beta. Beta mara nyingi hufanya kinyume cha alfa: badala ya kuichochea chembe, huituliza. Watafiti wa Japani walipokitafuta kipokezi cha beta katika uvimbe wa kifuko cha nyongo, waliona kwamba wale ambao uvimbe wao ulikuwa umekipoteza, hasa kwenye ukingo unaochimba kuingia ndani, ndio waliokuwa na matazamio mabaya zaidi.

Hii ni habari ya maana, lakini haijawa kipimo cha kutegemewa. Zipo sababu nazo ni za haki. Saratani hii ni adimu katika nchi nyingi, hivyo kila utafiti ulikuwa na wagonjwa wachache. Maabara zilitumia dawa tofauti za kupaka rangi. Wengine walipima alfa, wengine beta, wengine vyote bila kuvitenganisha. Wala hapakuwa na makubaliano juu ya kiasi gani cha rangi kihesabiwe kuwa ndiyo. Tena, kuwa na redio si kutii kila kinachotangazwa: chembe yaweza kuwa na kipokezi na bado ikakua kwa amri nyingine kabisa. Ndiyo maana hadi leo vidonge vya kuzuia estrojeni si tiba iliyokubaliwa ya saratani ya kifuko cha nyongo. Twasisitiza jambo hili kwa ndugu atakayesoma nusu ya makala na kukimbilia duka la dawa: tamoksifeni ya jirani anayeugua titi haimhusu mgonjwa wa nyongo, na ina madhara yake, ikiwamo kugandisha damu.

Kinachosema zaidi kuliko vyote hadi sasa ni hatua ya ugonjwa: umeingia kina gani katika ukuta wa kifuko, umefika kwenye tezi au ini, na je, mpasuaji aliutoa wote? Uvimbe ulioishia kwenye utando wa ndani kabisa, aghalabu kukiondoa kifuko peke yake hutosha kuuponya. Ukizidi hapo, mgonjwa huweza kuhitaji upasuaji wa pili, wa kuondoa sehemu ya ini na tezi za jirani. Na upasuaji wa pili hauwezi kupangwa na mtu ambaye hajayasoma majibu ya chupa ile.

Lipo pia jambo la kutia moyo. Kipo kipokezi kingine, kisicho cha homoni, kiitwacho HER2, nacho hupatikana katika sehemu ya saratani za nyongo. Mwishoni mwa mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa mahususi kwa saratani za njia ya nyongo zenye kipokezi hicho kwa wingi, kwa wagonjwa ambao tiba ya kwanza imewashinda. Dawa hiyo ni ghali na hatumwahidi mtu kwamba ataipata Geita kesho. Lakini tazama: kipande kilichotiwa ndani ya nta miaka michache kabla ya hapo bado kinaweza kutolewa na kupimwa upya kwa swali jipya. Kilichotupwa hakina la kujibu.

Alama si hukumu

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana baadhi ya waumini huingiwa na mashaka. Daktari anapozungumzia matazamio ya ugonjwa, je, si kudai kujua ghaibu? Si kuingilia ajali ya mja, ambayo ameiandika Allah Subhaanahu Wataala peke yake?

Kwa ufahamu wetu, hapana, ikiwa daktari anajua anachokisema na sisi tunajua tunachokisikia. Mkulima wa Geita akiona mawingu yamejikusanya juu ya ziwa, husema mvua inakuja na kuanika mahindi yake ndani. Hakudai ghaibu, amesoma alama na kuchukua tahadhari. Daktari naye anaposema kwamba kati ya wagonjwa mia wenye hali kama hii wengi hufika mwaka fulani, anazungumzia kundi, si mtu. Hajui mama yetu atakuwa katika wengi au katika wachache, na daktari mwaminifu hukiri hivyo. Tarehe ya kila mmoja wetu ina Mwenyewe.

Faida ya alama si kuitaja tarehe bali ni kupanga njia: nani apewe tiba kali, nani aepushwe nayo kwa kuwa itamtesa bila manufaa, nani afuatiliwe kwa karibu. Kutafuta tiba hakupingani na kutawakali. Na wale wanaopenda kusoma dua, kufanya ruqya au kunywa kombe, hatuwazuii. Tunachowaomba ni kwamba vitu hivyo viandamane na safari ya hospitali, visiichelewashe. Vivyo hivyo, macho yanapogeuka njano, kukimbilia kusema kwamba mgonjwa amechezewa huharibu mambo mawili kwa mkupuo: huipoteza muda ambao tiba ingefaa, na humtia jirani asiye na hatia katika tuhuma.

Nani aambiwe?

Majibu yakirudi na habari nzito, jambo la kwanza linalofanyika majumbani mwetu ni kumficha mgonjwa. Kaka mkubwa huitwa pembeni, karatasi hukunjwa, na mama huambiwa kuwa ni vidonda tu. Nia ni huruma, nasi hatuibezi. Lakini tuulize: ni nani mwenye mwili huu? Ni nani mwenye madeni anayotaka kuyalipa, amana za watu anazotaka kuzirudisha, wasia anaotaka kuuandika, nduguye waliyekosana ambaye angependa kumwomba radhi? Mtu aliyefichwa hali yake huenda akaondoka na haya yote mikononi.

Tunaona ni bora mgonjwa aulizwe kwanza: mama, ungependa kuyajua majibu wewe mwenyewe, au umpe mmoja wetu ayapokee kwa niaba yako? Akichagua kujua, aambiwe kwa upole, na aliye karibu naye awepo. Akichagua kutojua, achaguliwe mmoja wa kusimamia, wala habari zisisambazwe kwenye makundi ya simu ya ukoo. Siri ya mgonjwa ni amana kama fedha yake.

Safari ya chupa

Tumalizie kwa mambo ya kutenda, kwani elimu isiyotendwa huwa mzigo.

Kwanza, kabla ya upasuaji wowote wa nyongo, ulizeni: kifuko kitapelekwa kupimwa? Nani atakipeleka, ninyi au hospitali? Gharama ni kiasi gani, na bima inalipa? Swali hili likiulizwa mapema, fedha hutafutwa mapema.

Pili, ikiwa mmepewa chupa, hakikisheni kipande kimezama ndani ya formalini, dawa inayokihifadhi, na kwamba dawa ni nyingi kuliko kipande mara kadhaa. Maji, chumvi au spiriti havifanyi kazi hiyo. Kipande kilichokaa siku nyingi bila dawa ya kutosha huoza, na vipokezi huharibika hata rangi isionekane. Chupa isiachwe juani wala isigandishwe kwenye barafu. Jina la mgonjwa liandikwe juu ya chupa yenyewe, si juu ya kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Fomu ya daktari iambatane nayo, kwani mtaalamu wa maabara asiyejua mgonjwa aliugua nini hufanya kazi gizani.

Tatu, ipelekwe upesi. Zamani safari ya kutoka Geita kwenda Bugando ilikatizwa na foleni ya kivuko cha Busisi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limeiondoa sababu hiyo. Ulizeni pia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Geita na ile ya Kanda ya Chato ni huduma zipi zinapatikana karibu kabla ya kuvuka ziwa.

Nne, siku ya majibu nendeni mkayachukue, na myarudishe kwa daktari aliyepasua. Majibu yaliyolala kwenye droo ya maabara ni sawa na kipimo kisichofanyika. Muulizeni daktari: ni saratani au si saratani? Ikiwa ndiyo, imeingia kina gani? Kingo zilikuwa safi? Panahitajika upasuaji wa pili au rufaa? Kuna kipokezi chochote chenye tiba kinachofaa kupimwa? Namba ya maabara iandikwe na ihifadhiwe pamoja na vyeti vya nyumba, maana kwa namba hiyo kipande kilicho ndani ya nta kinaweza kutafutwa tena.

Tano, wale ambao hawajapasuliwa: maumivu ya mbavu za kulia yanayorudi rudi baada ya mlo, macho kugeuka njano, mkojo kuwa kama chai ya rangi na choo kuwa cheupe, mwili kuwasha, kukonda bila sababu, si mambo ya kungoja msimu wa mavuno. Ultrasaundi ni kipimo kisicho na maumivu. Na kama mama anaona haya kuonwa na daktari mwanamume, watoto wasilikejeli jambo hilo. Waulize kama yupo daktari mwanamke, au afuatane na mumewe au mwanawe. Stara ina nafasi yake hospitalini, lakini isigeuzwe sababu ya kubaki nyumbani.

Basi tukirudi kwa mama yetu wa mfano, hatujui chupa ile itasema nini. Uwezekano mkubwa ni kwamba itasema vijiwe tu, na familia italala usingizi mwema. Ikisema vinginevyo, itakuwa imesema mapema, ilhali bado lipo la kufanywa. Katika hali zote mbili, aliyeibeba chupa ile na kuifikisha atakuwa ametimiza amana.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na awatie nuru madaktari wanaotafuta dawa ambazo bado hazijapatikana. Amin. Wallahu a'lam.